Samaki wa Kwetu, Tangi la Wenzetu

Kasumba ina sura nyingi. Iko kasumba ya mavazi, iko ya lugha, na iko ya majina tunayowapa watoto wetu. Hizo zimesemwa sana, na waliozisema wamezisema vizuri. Mimi nataka kuisema moja ambayo sijaiona ikiandikwa, nayo ni kasumba ya samaki. Ndugu msomaji, usicheke kwanza. Ukimaliza kusoma, kama kicheko bado kipo, basi kicheke.

Katika nyumba za wenye nafasi, Dar es Salaam, Mbeya, na siku hizi hata huku kwetu Bondeni, pameingia mtindo wa kuweka sebuleni tangi kubwa la kioo lenye samaki wa mapambo. Mimi sina ugomvi na tangi. Ninalo nyumbani, lina urefu wa mita mbili, na jioni hunipumzisha kuliko televisheni. Ugomvi wangu ni juu ya kinachotiwa ndani yake. Nenda nyumba kumi zenye tangi, na katika nyingi utamkuta samaki wa dhahabu, yule mwekundu mwenye tumbo kubwa, asili yake China, ambako walianza kumfuga kwa urembo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Pembeni yake patakuwa na kasri la plastiki, na mti wa plastiki, na mzamiaji wa plastiki anayetoa mapovu. Na hayo yote yako mahali ambapo ukipanda baiskeli unafika ziwani kabla jasho halijakukauka.

Sasa tulitazame ziwa lenyewe. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofikia mita 700. Wataalamu wanakadiria kwamba aina za samaki zilizomo ni 800 au zaidi. Hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi kama hizo. Sehemu kubwa ya samaki hao hawapatikani mahali pengine popote, si China, si Ulaya, si hata Tanganyika au Viktoria. Sisi tunamjua mbasa kwa sababu ni mtamu, tunamjua usipa kwa sababu analisha watoto, na magege kwa sababu anajaza sahani. Lakini wale wadogo wa kwenye mawe, wa buluu, wa njano, wenye milia myeusi kama punda milia, hatuwahesabu. Wavuvi wa ng'ambo ya Malawi huwaita mbuna, na kwa jina hilo wanajulikana mpaka Berlin.

Naam, mpaka Berlin. Mwaka 1926 mtaalamu wa Kijerumani, Ernst Ahl, alimwandika samaki mmoja wa mawe wa ziwa hili na kumpa jina la Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekuwa akikusanya viumbe vya huku mwishoni mwa karne ya 19. Samaki huyo anafugwa leo Ulaya na Marekani. Ad Konings, mzaliwa wa Uholanzi, amepiga mbizi mwamba kwa mwamba katika ziwa hili, pamoja na pwani ya Tanzania, akaandika vitabu vinene vyenye picha. Katika orodha za wafugaji wa nchi hizo utasoma majina kama Lupingu na Lundo, majina ya mahali petu, yamebandikwa juu ya samaki wetu. Mtu wa Ujerumani ambaye hawezi kuionyesha Lupingu kwenye ramani anamjua samaki wake. Na mtoto wa Lupingu akijenga nyumba mjini ananunua samaki wa China. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha, na msala wenyewe ni wa plastiki.

Jamaa mmoja, mtu ninayemheshimu, alikuja kwangu akasimama mbele ya tangi akashika kiuno. "Mwalimu," akaniambia, "hawa si ndio wale watoto wanaowavua kwa ndoano kule Ikombe? Umeweka mboga sebuleni?" Nikamjibu, "Ndiyo, ndugu yangu, ndio hao hao." Akatikisa kichwa kwa kunisikitikia. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kitu kikiwa karibu ni mboga. Kikitoka mbali ni pambo.

Lakini jambo hili si la fahari peke yake. Lingekuwa la fahari tu, ningenyamaza, kila mtu na sebule yake. Nimeshika kalamu kwa sababu tangi la nyumbani na ziwa havina ukuta kati yao. Mwenye tangi huchoka. Samaki hukua kupita tangi, au familia inahamishwa kikazi, na mtu mwenye huruma haoni raha kuwaua. Anawachukua katika ndoo mpaka mto ulio karibu, anawamwaga, anarudi nyumbani akijiona ametenda wema. Na mito yetu ya Bondeni, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, yote inaingia ziwani.

Tusijifanye hatujui matokeo. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa ukoo mmoja na hawa wetu wa mawe, walikuwa wametoweka kwa mamia ya aina. Sangara aliletwa kwa ajili ya chakula na biashara, tuseme alikuwa na sababu. Je, gugumaji? Mmea ule ulitoka Amerika ya Kusini, ukasambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake tu, ili upambe madimbwi ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ukaonekana Ziwa Viktoria, na baadaye ukafunga bandari na kuzuia mitumbwi. Huo ulikuwa urembo, ndugu msomaji. Urembo wa bustani ya mtu mmoja uligeuka kuwa mzigo wa mataifa matatu.

Basi shauri langu la kwanza kwa mwenye kutaka tangi kubwa ni hili: fuga samaki wa ziwa lako, na usirudishe hata mmoja ziwani. Nasema hata mmoja, hata kama ni wa Nyasa hii hii. Samaki wa mawe hawavuki mchanga kirahisi. Kila mwamba una watu wake, kama vijiji vya zamani. Buluu wa mwamba huu si buluu wa mwamba ule. Huko Malawi, katika miaka ya 1970, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliwaachia katika kisiwa cha Thumbi West, karibu na Cape Maclear, mbuna waliotoka sehemu nyingine za ziwa hili hili. Wageni hao wapo mpaka leo, na baadhi wamezaana na wenyeji, na kizazi chao si cha huku wala cha kule. Hilo limetokea mahali ambapo mwaka 1980 pamefanywa hifadhi ya taifa kwa sababu ya samaki!

Shauri la pili ni juu ya vifaa, na hapa ugomvi wangu ni na wauzaji. Muuzaji huanza na samaki, kisha anakuuzia tangi dogo la kumtia, kisha dawa za kumponya maradhi aliyoyapata kwa udogo wa tangi. Mambo yaende kinyume: sakafu kwanza, samaki mwisho.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la mita mbili kwa sentimita 60 kwa sentimita 60 linabeba lita 720, yaani karibu robo tatu ya tani, kabla hujahesabu mawe na kioo. Haliwekwi juu ya meza ya televisheni. Jenga kitako cha matofali au chuma, kinyooke sawasawa, na kioo kisiwe chini ya milimita 12, kimefungwa mikanda ya kioo juu. Kisha mawe. Yakae juu ya kitako cha tangi, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki hawa wachimbaji watayaangusha yapasue kioo. Kasri la plastiki litupe. Ukitaka mapango, nenda Lyulilo ukanunue vyungu vya akina mama Wakisi, uvilaze ubavu. Samaki atapata nyumba, na mama mfinyanzi atapata ada ya mtoto.

Kifaa kisichopunguzwa bei ni chujio. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wako vijidudu wema wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, nayo ni sumu bado, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo ina madhara madogo na huondolewa kwa kubadili robo ya maji kila wiki. Vijidudu hao huishi ndani ya chujio, na huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka. Kwa hiyo yule anayekuuzia tangi na samaki 30 siku moja anakuuzia mazishi. Maji ya bomba yenye klorini nayo yaache ndooni siku moja au mbili huku yakipulizwa hewa, maana klorini huua samaki na vijidudu pia.

Hita ni suala la mahali. Kyela, ambako joto hutukausha wenyewe, huihitaji. Samaki hawa wanapenda nyuzi 24 hadi 28, na hofu yako iwe joto kupita kiasi, kwa sababu maji ya moto hushika hewa kidogo. Mbeya mjini, ambako usiku wa Juni na Julai huweza kushuka chini ya nyuzi 10, usipoiweka utawaonea. Pampu ya hewa inayotumia betri iwepo popote, maana umeme hukatika na samaki hawajui kusubiri. Maji ya ziwa yana pH kati ya 7.7 na 8.6, maji ya mvua na ya mito ya milimani ni mepesi mno, basi tia vipande vya mawe ya chokaa ndani ya chujio.

Ndipo uchague samaki. Usichanganye kila rangi unayoiona. Chukua aina mbili tatu tu, na usichukue zile zinazofanana, kwa kuwa zitazaana. Kila dume mmoja apate majike watatu au zaidi, ili ukali wake ugawanyike. Chakula kiwe cha mimea zaidi, kwa sababu mbuna hukwangua ukoga wa mawe maisha yake yote. Ukimlisha nyama kila siku atavimba tumbo na kufa, nawe utalaumu maji.

Yapo majibu mawili ninayopewa. La kwanza: ukiwasifu samaki hawa, Mwalimu, watu watakwenda kuyavua mawe ya Ikombe mpaka yabaki matupu. Hili ni jibu la mtu mwenye akili, na silipuuzi. Mwamba mmoja una samaki wake wenyewe, na wakiisha hakuna jirani wa kukukopesha. Ndiyo maana nasema tununue waliozaliwa ndani ya matangi. Samaki hawa hutunza mayai kinywani. Jike huyabeba kiasi cha majuma matatu bila kula sawasawa, na huyatema yakiwa samaki kamili. Majike wachache wanaweza kumpatia mfugaji mamia ya watoto kwa mwaka. Kijana mmoja wa Kyela mwenye matangi sita ya matofali na saruji, na kibali chake cha idara ya uvuvi mkononi, angeweza kuwauzia watu wa Mbeya samaki wote wanaowataka bila kugusa mwamba tena. Kwa nini kazi hiyo wanaijua Wajerumani na Wamarekani, sisi tumebaki kuwa watu wa kuonyesha njia ya kwenda ziwani?

La pili: watu hawana dawa, wewe unazungumzia samaki wa mapambo. Ni kweli. Lakini aliyenunua samaki wa China hakuombwa na mtu kwanza ajenge zahanati. Fedha hiyo imekwisha kutumika. Ninachouliza mimi ni imekwenda kwa nani, na imefundisha nini watoto wanaokaa mbele ya kile kioo. Mtoto aliyekua akitazama kasri la plastiki atajifunza kwamba uzuri huletwa kwa ndege. Mtoto aliyekua akimtazama jike wa mbuna akikataa chakula kwa majuma matatu kwa ajili ya wanawe, naye akaambiwa kwamba huyu ni wa mawe ya kwetu na hayuko kwingine duniani, huyo hutahitaji kumhubiria habari za sumu ya kuvulia, wala za kokoro lenye macho madogo. Atamkamata mkono mtu atakayethubutu.

Watu hawalindi wasichokijua majina yake. Sisi tumewaachia wageni majina, tukabaki na mchuzi. Anayejenga sebule mwaka huu na aanzie hapo.