Watatu wa Kisii Wako Njiani

"Mama, shuka haraka, ya Kisii ndiyo hiyo!" Mama akashuka, mtoto mgongoni, akangoja gunia lake la viazi literemshwe kutoka keria. Gunia halijagusa chini, matatu ya Kisii ikakata kona kuelekea Sotik. Saa kumi na mbili jioni hapa Kaplong, mvua inapiga mabati. Iliyofuata ilikuwa na watu wanne. Sisi tuliotoka Bomet tulikaa dakika 50 tukingoja ijae.

Ile iliyotuacha ilikuwa na viti vitatu vitupu! Makanga wake alikuwa ameita abiria mpaka sauti ikamkauka, na nauli aliyokuwa akiitafuta ilikuwa njiani ikimjia kutoka Bomet. Hakuna aliyemwambia.

Msiseme vifaa vya kumwambia hakuna. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zilimtaka anayeomba kibali cha kusafirisha usiku awe na mfumo wa kurekodi mwendo wa gari na mahali lilipo. Leo wenye matatu wengi wamefunga traka hata kwa gari lisilotembea usiku. Tajiri yuko kwake sebuleni, anaona kwenye simu gari limesimama wapi, anampigia dereva kumhoji. Mama wa viazi, ambaye nauli yake ndiyo inayolipia hiyo traka, anabaki kukodolea macho barabara yenye giza.

Wala msiseme magari hayawezi kupatana. Abiria wa Kericho wakiwa wachache, makanga anampigia mwenzake, tunauzwa papa hapa Kaplong, tunahamishwa na mizigo yetu bila kuulizwa. Wanaposhika pesa wanaelewana vizuri sana.

Basi sacco za matatu za barabara ya Bomet na za barabara ya Kericho–Kisii ziweke magari yao kwenye ramani moja, na simu yenye ramani hiyo ikae mkononi mwa msimamizi wa steji. Makanga aliye njiani aseme ana wangapi wanaoendelea. Hao wahesabiwe kama watu walioketi tayari, gari lililo steji liwangoje dakika tano. Najua jibu: hakuna sacco itakayompa mpinzani siri ya magari yake. Siri gani, ya gari linalopiga honi barabarani mchana kutwa?

Kaunti inayotoza ada ya steji ina uwezo wa kulazimisha jambo hili. Sacco itakayokataa kuonyesha magari yake isipakie Kaplong.