Ndege wetu wahesabiwe Oktoba

Oktoba iliyopita tuliliacha Shimo la Mungu nyuma yetu, mimi na mpwa wangu, tukateremka kutoka Newala hadi bonde la Ruvuma. Tulikuwa na daftari na darubini ya kuazima. Kwenye dimbwi lililobaki, ndege weupe walikuwa wamejazana.

"Mjomba, hawa si yangeyange tu?" akauliza.

Nikamwambia atazame miguu. Mwenye mdomo mweusi na vidole vya njano, kama aliyekanyaga bizari, ni yangeyange mdogo. Mwenye shingo ndefu na miguu myeusi mpaka vidoleni ni yangeyange mkubwa. Yule mfupi, mwenye mdomo mfupi wa njano, ndiye mfuata ng'ombe.

Tukawahesabu kwa makumi. Mimi nikapata 64, yeye 71. Tukarudia, mvuvi akasukuma mtumbwi, wakaruka wote! Tukasubiri watue. Safari ya tatu nikapata 68, yeye 69.

Tangu 1967, sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika Januari. Kwa Ulaya mwezi huo unafaa: mabwawa mengi yameganda, shakwe na bata wamebanana kwenye maji machache yaliyo wazi. Kwetu Januari ni mvua. Kila bonde lina maji, na yangeyange wametawanyika hadi kwenye majaruba ya mpunga. Huku kinachowakusanya ndege ni kiangazi. Kwa hiyo tuhesabu Januari pamoja na wenzetu, lakini tusiiache Oktoba.

Kijiweni Masasi mmoja husema ndege wamepungua kwa dawa tunazopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Mwingine anailaumu mipunga iliyoingia mabondeni. Wa tatu anaapa hawajapungua hata mmoja. Wote wanabishana bila namba. Ajabu, kwa sababu korosho tunazipima mpaka kilo ya mwisho kabla ya mnada, na sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120.

Walimu wa shule za bondeni, chagueni dimbwi moja. Kila Oktoba wapelekeni wanafunzi palepale, saa ileile ya asubuhi, wahesabu mara mbili na kuandika. Daftari langu lina mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja haumalizi ubishi wa kijiweni.