Ndeke ya Faradje: mwenyewe ni nani, fundi ni nani?

Wazazi na ndugu wachimbaji wa Mulongo, tukipanda ndeke ao mashua ya moteri, tunauliza bei tu. Hatuulizi: ni ya nani, na nani anaitengeneza?

Tarehe 14 Machi 1939, Corsair, ndeke ya kushukia ku mayi, mali ya Imperial Airways ya Uingereza, ilitoka Uganda na kupotea njia. Mafuta ikikaribia kuisha, ikashuka ku mto Dungu, karibu na Faradje, mu Haut-Uélé ya leo. Jiwe likaipasua tumbo. Watu wote walipona.

Mafundi wakatoka Uingereza, wakaziba tundu. Mu Julai wakajaribu kuruka: jiwe likaitoboa tena. Ndipo nguvu ya wenyeji ikajenga baraji ili mayi ipande. Tarehe 6 Januari 1940 ndeke ikaruka. Mwaka ule ikawa mali ya BOAC, ikatumika mpaka 1947, ikavunjwa.

Mbona walihangaika miezi kumi? Juu mwenyewe alijulikana, na vita ilikuwa imeanza: kila ndeke ilihitajika.

Leo, tangu 2006, Umoja wa Ulaya umefungia anga yake sosiete za ndeke za Kongo, juu ya udhaifu wa ukaguzi. Sisi tungali tunapanda. Basi, iwe ndeke, mashua ao pompi ya mu shimo, tuulize jina la mwenyewe na kitabu cha matengenezo. Mwenyewe akijificha, siku ya ajali mjane atadai kwa nani?