Mwalimu asiachiwe gharama za ofisi ya nyumbani

Siku hizi ni nadra mtu kufungua gazeti au simu bila kukutana na orodha ya vifaa ambavyo, tunaambiwa, hapana budi awe navyo kila afanyaye kazi nyumbani. Utatajiwa kipakatalishi chepesi, vipokea sauti vinavyozima kelele za jirani, kamera ya kuonyesha uso wa msemaji, taa ya duara ya kuung'arisha uso huo, na kiti cha kuzunguka ili mgongo usiume. Kwa orodha hizo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha nyuma yake, kwamba kila msomaji ana umeme usiokatika, mtandao usiopotea, chumba chenye mlango wa kufunga, na pesa zake mwenyewe za kununulia vyombo vya kazi ya mwajiri wake.

Dhana hiyo na tuipeleke Olenguruone tuone itasimama vipi. Olenguruone ni mji mdogo wa Kuresoi Kusini, katika Kaunti ya Nakuru, ulio karibu na msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni mahali pa baridi na mvua, na wenyeji wake huishi kwa chai, viazi na ng'ombe wa maziwa. Aendaye Nakuru hupitia Keringet na Molo. Si nyika wala si pori. Pana shule, pana nyaya za umeme na pana simu mifukoni mwa watu. Lakini pana pia vilima na mabonde, na anayeshuka bondeni huenda akaiacha mawimbi ya simu kileleni.

Mwalimu wa sehemu kama hiyo hakuanza kufanya kazi nyumbani jana. Tangu zamani amebeba madaftari ya wanafunzi chini ya kwapa, akayasahihisha usiku kwa mwanga wa koroboi, akaandika maazimio ya kazi na maandalio ya masomo mezani alipolia chakula. Vyombo vyake vilikuwa kalamu nyekundu, rula na taa, na vyote havikumzidi uwezo. Kilichobadilika si mahali pa kazi bali ni bei ya vyombo. Hapo ndipo penye hoja yangu leo: ofisi ya mwajiri imehamia nyumbani mwa mwalimu, lakini gharama ya kuiendesha ameachiwa mwenye nyumba.

Tukumbuke jinsi jambo hili lilivyojitokeza wazi. Mnamo Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na katika hotuba iyo hiyo akawahimiza waajiri wawaruhusu watu kufanya kazi nyumbani. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ikapeleka masomo redioni, kwenye runinga na mtandaoni. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 hawakurejea hadi Oktoba 12, 2020. Wenzao walisubiri hadi Januari 4, 2021. Kwa miezi tisa na zaidi, nyumba za Wakenya ziligeuzwa madarasa na ofisi.

Je, nyumba hizo zilikuwa na nini? Sensa ya 2019, iliyofanywa miezi michache tu kabla ya hapo, ilituonyesha. Tarakilishi ya aina yoyote ilipatikana katika asilimia 8.8 tu ya kaya za nchi hii. Runinga inayofanya kazi ilikuwa katika asilimia 40.7, na redio katika asilimia 56.9. Kwa maneno mengine, chombo kilichoweza kumfikia mtoto wa mkulima kwa wepesi kuliko vyote kilikuwa redio, chombo kikuukuu ambacho hakitajwi kamwe katika orodha za vifaa vya kisasa. Hata hiyo redio haikuwamo katika kaya nne kati ya kila kumi.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imekwisha kusambaza vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi, chini ya mpango wa elimu ya kidijitali ulioanza kutekelezwa mwaka 2016 kutokana na ahadi za uchaguzi wa 2013. Vifaa hivyo vilikuwa mali ya shule, vikafungiwa vyumbani kwa kuhofia wezi. Mtoto alipokuwa nyumbani, kifaa kilikuwa shuleni nyuma ya kufuli. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba kununua chombo na kumfikishia mtu manufaa ya chombo ni mambo mawili tofauti.

Kisha likaja jambo la kustaajabisha zaidi. Mnamo Julai 2020, kampuni ya Loon, tanzu ya Alphabet inayomiliki pia Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianzisha huduma ya intaneti inayotoka kwenye maputo yaliyoelea angani, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka ardhini. Maputo hayo yapatayo 35 yalikusudiwa kuhudumia eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi, na miongoni mwa sehemu zilizotajwa zilikuwamo Nakuru, Kericho, Bomet na Narok. Bonde la Ufa likawa mahali pa kwanza Afrika kuhudumiwa hivyo kibiashara. Ila furaha haikudumu. Januari 2021, Loon ilitangaza kwamba inafunga kazi, kwa kuwa haikupata njia ya kushusha gharama kiasi cha biashara hiyo kujiendesha.

Siilaumu kampuni hiyo, maana mfanyabiashara hufuata faida. Lakini somo lake ni bayana. Chombo ambacho gharama yake haikupangiwa mlipaji wa kudumu huondoka hata kikiwa cha ajabu namna gani. Swali la kwanza kuhusu kifaa chochote lisiwe kinafanya nini, bali ni nani atakilipia mwaka wa pili na wa tatu.

Leo shule zimefunguliwa, Korona tumeisahau, lakini kazi ya mtandaoni haikurudi ilikotoka. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ina mfumo wa kutathmini utendakazi wa walimu, TPAD, ulioanzishwa mwaka 2016, ambao mwalimu huujaza mtandaoni. Chini ya mtaala wa umilisi, Baraza la Mitihani, KNEC, huweka zana za tathmini kwenye tovuti yake. Shule huzipakua, huzichapisha, huwapa watoto, kisha walimu huzipandisha alama kwenye tovuti iyo hiyo.

Alama hizo si mchezo. Katika mpangilio wa daraja la sekondari ya chini, asilimia 20 ya matokeo ya mtoto amalizapo Gredi ya 9 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, asilimia 20 hutokana na mtihani wa Gredi ya 6, na asilimia 60 ni za mtihani wa mwisho. Basi mtoto wa Olenguruone anayetaka kujiunga na shule ya sekondari ya juu, sehemu ya bahati yake iko mkononi mwa mwalimu anayetafuta mawimbi ya simu juu ya kilima usiku wa kuamkia siku ya mwisho.

Na mwalimu huyo hufanyaje? Hununua vifurushi vya data kwa pesa zake. Simu yake ikishindwa, huenda kwenye saiba mjini, akalipa nauli na akalipia kila dakika na kila karatasi. Si ajabu pia kusikia kwamba mwalimu aliyechoka amemwachia kijana wa saiba nywila yake ili amjazie fomu. Hapo hatari imezaliwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka habari za watu, na hasa za watoto, zihifadhiwe kwa uangalifu mkubwa. Tutamshtaki mwalimu kwa kuivunja sheria hiyo ilhali hatukumpa chombo cha kuitii?

Wako watakaonijibu kwamba mwalimu ana simu tayari, na kwamba mbona hutumia data kwa kupiga soga na jamaa zake. Hoja hiyo ni dhaifu. Mkulima wa chai apelekapo majani kwenye kituo cha kununulia haambiwi aje na mizani yake. Mizani ni ya mnunuzi, na karani wa mnunuzi ndiye aichajiye betri yake. Hata kama mkulima ana mizani nyumbani ya kupimia viazi, hakuna anayedhani kwamba hiyo ni ya kampuni. Kwa nini basi simu ya mwalimu iwe ya Tume kila jioni? Katika hati ya mshahara wa mwalimu mna marupurupu ya nyumba na ya nauli. Anasaidiwa kufika kazini kwa miguu na kwa matatu, lakini kazi inapomfuata kwa njia ya mtandao hadi kitandani, safari hiyo hujilipia mwenyewe.

Kwingineko duniani suala hili limekwisha kutungiwa sheria. Mwaka 2021 Ureno ilipitisha sheria inayowataka waajiri wagharimie nyongeza ya umeme na intaneti inayotokana na kazi ya nyumbani, na ikawazuia kuwasumbua wafanyakazi nje ya saa za kazi. Ufaransa ilianza kutekeleza haki ya mfanyakazi kujitenga na simu za ofisini mnamo Januari 2017. Hapa kwetu, Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta katika Seneti mwaka 2022 mswada wa kumlinda mfanyakazi dhidi ya amri za usiku. Kwa hivyo ninalolinena si ndoto ya mwandishi.

Nisieleweke vibaya. Siwaiti watu warudi kwenye koroboi. Vyombo hivi vina fadhila zake, na watu wa Kuresoi wanaijua fadhila moja kuliko wengi. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, familia zilikimbia makao yao zikiacha nyuma karatasi za miaka mingi. Picha ya cheti iliyohifadhiwa mbali na nyumba haiungui pamoja na nyumba. Hiyo si faida ndogo.

Ila nashauri tuvipange vifaa kwa mahitaji yetu, si kwa matangazo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 50.4 ya kaya zilitumia umeme wa nyaya kwa mwanga, na asilimia 19.3 zilitumia sola. Mnamo Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani kwa usiku mmoja, Nairobi ikiwamo. Kwa hiyo cha kwanza ni chombo cha kuzalisha na kuweka nguvu: kibao cha sola, taa yake na betri ya akiba ya kuchajia simu. Cha pili ni simu iliyo imara, inayoweza kuigawia tarakilishi intaneti yake na kupiga picha ya waraka ikasomeka. Cha tatu ni kadi ya kuhifadhia masomo, ili mtu apakue mara moja mjini na asome mara mia nyumbani bila data. Redio isitupwe. Taa ya duara na kiti cha kuzunguka vitangoja.

Hapa pia naomba walimu wajitazame. Malalamiko yote niliyoyataja, mwanafunzi anaweza kuyaelekeza kwao. Mtoto anapoambiwa akatafute habari mtandaoni, achapishe picha za rangi, au amwambie mzazi apige picha ya kazi na kuituma kwa simu, mwalimu anahamishia gharama ya darasa kwenye kaya iliyouza maziwa asubuhi ili inunue unga. Asiyetaka kutendewa hivyo na mwajiri asimtendee hivyo mwanafunzi. Kazi ya nyumbani iwe ni ile ambayo mtoto asiye na simu anaweza kuimaliza akapata alama sawa na mwenye simu.

Kwa serikali nina mapendekezo matatu. Mosi, ama mwalimu alipwe posho ya data, ama kila shule iwe na kituo chenye sola, printa na intaneti iliyolipiwa, ili afanye kazi hiyo mchana na aende nyumbani akiwa ameimaliza. Pili, mifumo ya TSC na KNEC ijengwe kwa namna ambayo mwalimu anaweza kujaza bila mtandao, kisha alama zikajituma zenyewe mawimbi yapatikanapo. Tatu, vifaa vilivyonunuliwa kwa kodi viwekewe utaratibu wa kuazimwa, ili shule zikifungwa tena, kifaa kimfuate mtoto.

Haya hayahitaji maputo angani. Yanahitaji bajeti, na yanahitaji wakubwa wakubali kwamba kazi ni kazi hata ikifanywa mezani pa chakula. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kazi ya mtandaoni ilibisha hodi nyumbani kwa mwalimu miaka mingi sasa, ikakaribishwa, ikala na kunywa kwa pesa za mwenyeji. Siku ya tatu imepita zamani. Na ipewe jembe, ijilimie chakula chake.