Anayekarabati Kasri Asiisahau Kasigau

Atokaye Voi akapita Mwatate na Maktau hadi Taveta anakanyaga uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Huku ndiko Waingereza walikojenga reli ya kijeshi mwaka 1915, wakiwaandama Wajerumani walioiteka Taveta tangu Agosti 1914. Upande wa Maktau ipo ngome ya mawe ya Mwashoti. Mbele zaidi ni kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walivamia mahandaki ya Wajerumani wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Na karibu na mji wa Taveta, juu ya kilima, limesimama Grogan's Castle, jumba la miaka ya 1930 lililokuwa limechakaa na ambalo limekarabatiwa kuwa hoteli.

Ukarabati huo unastahili pongezi. Mgeni akifika juu huiona Kilimanjaro, Ziwa Jipe na mashamba ya mkonge yaliyotandaa bondeni. Lakini aelezwe pia aliyelijenga alikuwa nani. Ewart Grogan husifiwa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900. Ni huyo huyo ambaye mwaka 1907 aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Habari hizo mbili zisimuliwe pamoja.

Kila ukarabati huchagua cha kukumbukwa. Huko Ufaransa, mji wa kilimani wa Carcassonne ulikuwa ukibomoka kabla ya msanifu majengo Viollet-le-Duc kuanza kuzijenga upya kuta zake katika karne ya 19. Leo watalii humiminika, ila wapo wanaomlaumu hadi sasa kwa kuifunika minara kwa mapaa ya vigae vyeusi ambayo hayakuwa ya eneo lile. Kosa la paa ni dogo. Kumwacha mwenyeji nje ya historia ya kilima chake ni kosa kubwa zaidi.

Mwenyeji huyo, kwa Taita Taveta, ni mtu wa Kasigau.

Mwaka 1915 Wajerumani waliiteka kambi ya Waingereza kwenye mlima wa Kasigau, ulio kusini mwa Voi. Waingereza wakawashuku wanakijiji kuwa ndio waliomwonyesha adui njia. Vijiji vikachomwa, watu wakaswagwa hadi uhamishoni Malindi: wazee, akina mama, watoto. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na maji ya vijito, wakatupwa pwani yenye joto na malaria. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waliobaki hawakurudi Kasigau hadi mwaka 1936. Miaka ishirini na ushee kwa tuhuma!

Katika makaburi ya kijeshi ya Voi amelala Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 na kutunukiwa nishani ya Victoria Cross. Kaburi lake lina jina na linatunzwa, kama inavyopasa. Waliofia Malindi nao wana haki ya kutajwa majina, na mahali pa kuyaandika ni Kasigau kwenyewe.

Serikali ya kaunti na Makavazi ya Kitaifa wanaweza kuanza na kazi isiyohitaji saruji: kurekodi simulizi za wana na wajukuu wa waliohamishwa, kabla hazijazikwa pamoja nao. Kisha vijana wa Kasigau, Bura na Taveta wafundishwe kuongoza wageni, na ziara ya vita isiishie Salaita. Ipande pia Kasigau, ipite kwenye misitu mitakatifu ya fighi, ambayo Wataita waliitegemea kuilinda mipaka yao zamani kabla ya ngome yoyote ya mawe ya Mzungu.

Mwaka 2036 utatimia karne moja tangu watu wa Kasigau waruhusiwe kurudi nyumbani. Muda wa kujiandaa upo, na bajeti ya utalii ya kaunti hupitishwa kila mwaka.