Mshahara Unakatwa, Kiwanja Kitupu Je?



Siku ya mshahara sote tunajua kinachotutangulia: makato. Kodi ya mapato huchukuliwa na karani kabla faranga moja haijafika mkononi mwetu. Mwenye nyumba kumi za kupangisha mjini yeye hungojewa aje mwenyewe kutaja alicho nacho. Ndiyo maana tunauliza: serikali ichote wapi zaidi, katika mapato au katika mali?

Tusikimbilie jibu. Kodi ya mapato ina haki yake: kiwanda kikisimama na mshahara ukakoma, nayo hukoma. Kodi ya mali haijui njaa. Mjane aliyeachiwa nyumba hudaiwa hata mwaka ambao hakuingiza kitu. Wazee wetu waliyajua hayo. Mjerumani alianza kutoza kodi ya kibanda katika koloni lake la Afrika Mashariki mwaka 1898, na watu wengi walilazimika kwenda kufanya vibarua katika mashamba ya wazungu ili wapate ya kulipa. Mbelgiji naye aliwatoza wanaume wa Urundi kodi ya kichwa.

Kwa hiyo sisi wa Bugendana hatutaki kodi ya mali inayohesabu kila kishamba cha kilimani. Wengi wetu tunaongezea kibarua kwa kipande kilichogawanywa tangu enzi za babu: maharage, mihogo, migomba na mibuni michache. Kutoza hicho ni kutoza chakula cha watoto.

Lakini si kila mali ni jembe. Mwaka 2019 Gitega ilifanywa mji mkuu wa siasa. Kiwanja kilicho karibu na ofisi, barabara na umeme hupanda thamani hata kama mwenyewe hakushika koleo. Thamani hiyo imeletwa na fedha ya umma, na umma una haki ya kudai sehemu yake.

Tazameni sasa upande wa mshahara. Sheria ya mwaka 2013 iliacha faranga 150,000 za kwanza za mwezi bila kodi, ikatoza asilimia 20 hadi 300,000, na asilimia 30 kwa kinachozidi hapo. Kwa kipimo hicho, penye faranga 200,000 za kutozwa zinakatwa 10,000. Lakini mwezi Mei 2023 faranga ilishushwa thamani, dola ikafika karibu faranga 2,800. Mshahara ukiongezwa ili kufuata bei ya sokoni, huvuka mstari na kukatwa, na kikapu kinabaki kile kile.

Watasema mwenye nyumba akitozwa atapandisha pango. Hofu hiyo ni ya kweli. Tanzania mwaka 2021 kodi ya jengo iliunganishwa na ununuzi wa umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji ukawa rahisi, ila mnunuzi wa umeme mara nyingi ni mpangaji. Basi tuanze na viwanja vitupu vya mjini, ambavyo havina mpangaji wa kutwishwa mzigo. Na Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2005, nyumba anayokaa mwenyewe ilisamehewa kodi hiyo. Huo ni mfano wa kuiga.

Hatusemi kodi ya mapato ifutwe. Walimu, wauguzi na dawa za zahanati hulipwa kwa kodi. Tunadai haya:

Kwanza, kiwango cha mshahara kisichotozwa kipimwe upya kila mwaka kwa bei ya sokoni.

Pili, viwanja vitupu na majumba ya kupangisha mjini yaandikishwe na kutozwa kwa thamani yake.

Tatu, mashamba madogo na nyumba ya kuishi mwenyewe visiguswe.

Nne, tarafa isome hadharani kilichokusanywa na kilichotumika.

Tunaomba kila tawi liweke jambo hili katika mkutano wake ujao. Njooni na karatasi zenu za mshahara, tuhesabu pamoja.