Hukumu si Ubuyu, Acheni Kuivujisha!

Wadau, leo tuambiane ukweli. Karani akimnong'oneza mshkaji wake "yule mzee keshashinda", jioni Mikumi nzima inajua hukumu ambayo hakimu hajaisoma. Mnacheka? Aliyeshindwa atasema hakimu kala bahasha, hata kama katenda haki. Na Kilosa kesi ya shamba si ya kuchezea: Desemba 2000, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 Rudewa Mbuyuni. Mtu asipoiamini mahakama, anashika panga.

Hata Marekani, Mei 2022 rasimu ya hukumu ya utoaji mimba ilivuja. Uchunguzi haukumpata mvujishaji, mahakama nzima ikabaki na doa.

We unayefowadi nawe usijifanye msafi. Ubuyu wa mastaa upo kibao, kuleni huo!